Kifaru Mwenye Manyoya na Jina la Pengo

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, kifaru mwenye manyoya alikuwa amesimama kando ya barabara mbele ya karakana ya fundi makochi, hana pembe ya mbele. Pembe yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya gunia, shina lake limepakwa gundi, inasubiri. Mbele ya kifaru kulikuwa na benchi. Benchi lilitangulia kufika pale kabla ya karakana, na waliolikalia walijiona sehemu ya karakana, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kupigilia msumari. Alikuwapo Kipara, kinyozi asiye na unywele kichwani. Alikuwapo Breki, fundi magari, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Alikuwapo Kamusi, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, aliyesoma kila kilichopita mikononi mwake na kukumbuka nusu yake. Shangazi, muuza kahawa, alikaa pembeni na birika lake. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Na fundi mwenyewe walimwita Pengo. Mafundi makochi hushika misumari kwa meno ili mikono ibaki huru, na siku moja, zamani, msumari mmoja ulimvunja jino la mbele. Benchi lilicheka wiki nzima, na kicheko kilipokwisha jina lilibaki.

Kifaru alikuwa wa shule. Mwalimu mkuu alitaka watoto wamwone mnyama aliyetoweka, kwa ukubwa wake halisi, akamwendea fundi anayejua mbao, sponji na kitambaa. Pengo alimjenga kwa mbao na wavu wa waya, akamjaza magunia, akamvika mkonge. Mkonge aliuchemsha na mashapo ya kahawa ya Shangazi mpaka ukawa wa kahawia, kwa hiyo kifaru alinukia kama benchi. Lori lingekuja alasiri. Kabla ya lori angekuja mwandishi wa vibao, na kwenye kibao yangeandikwa majina mawili: la mnyama na la aliyemtengeneza. Hili la pili Pengo hakuwa amemwambia mtu. Tangu aanze kazi, watu wameketi, wamelala na wameposana juu ya makochi yake, na hakuna kochi hata moja lenye jina lake. Usiku uliopita alikuwa amelitamka jina lake kwa sauti mbele ya kioo, majina yote matatu, kuona kama bado linamkaa.

— Pengo, alisema Kipara, huyu mnyama na koti lote hilo, anakwenda wapi kwenye jua hili?

— Si koti. Ni manyoya yake. Nilikwambia jana.

— Kifaru hana manyoya. Bwana, mimi nywele ndiyo kazi yangu.

— Huyu alikuwa nayo. Aliishi nchi za baridi, kaskazini kabisa, enzi za barafu. Alikula majani. Nilikwambia juzi pia.

— Nani alimwona?

— Watu wa kale walimwona. Walimchora kwenye kuta za mapango. Na wapo waliopatikana wamezama kwenye udongo wa barafu, na ngozi yao, na nywele zao. Mwalimu amenieleza yote.

— Mwalimu alikwenda kwenye barafu?

Pengo alivuta pumzi, akaishusha. Aliigusa gundi kwa mgongo wa kidole. Bado ilinata.

— Hebu tuanze na jina, alisema Kamusi, akainua kikombe kama anayeomba nafasi mkutanoni. Kitu kisicho na jina hakina mahali pa kushikia. Anaitwaje?

— Kifaru mwenye manyoya.

— Hilo ni jina la kwetu. Wataalamu wanamwitaje?

Pengo alijua kwamba angejuta, lakini alijibu.

— Wataalamu wanamwita kwa lugha ya Kiyunani na Kilatini. Maana yake ni jino lenye shimo. Jino lenye shimo, la zamani.

Shangazi aliacha kumimina.

— Jino? alisema Breki.

— Jino. Magego yake yalikuwa na mashimo juu. Waliomchunguza mifupa waliona hilo, wakampa jina.

— Yaani mnyama ana ukubwa wa pikapu, alisema Breki, ana pembe ndefu kuliko mtoto wa shule, ana blanketi mpaka magotini. Mtu mwenye akili zake anamkagua kutoka mbele, anamkagua kutoka nyuma, halafu anamwita Jino?

— Ni dharau, alisema Kipara.

— Ni uvivu, alisema Kamusi. Mtu unamwita kwa alicho nacho kikubwa, humwiti kwa kasoro ya mdomoni.

— Wamekosa adabu kabisa, alisema Breki. Maskini mnyama wa watu.

Pengo aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Alimtazama Breki, akamtazama Kipara, akamaliza na Kamusi. Hakuna aliyeuliza anatazama nini.

— Pengo, nipe sukari, alisema Kipara.

Alimpa sukari.

— Sasa tuje kwenye kifo, alisema Kamusi. Aliishaje?

— Hawajakubaliana. Wengine wanasema dunia ilipata joto, majani aliyoyazoea yakapotea. Wengine wanasema watu walimwinda. Labda yote mawili.

— Acha hizo! alisema Kipara. Jibu liko wazi. Dunia imepata joto, na yeye nywele hizo hapo. Nani wa kumnyoa? Kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye hana kidole hata kimoja. Amekufa kwa kukosa kinyozi.

— Si nywele, ni injini, alisema Breki. Tazama kifua hicho. Injini kubwa namna hiyo ukiifunika blanketi, hewa inapita wapi? Ilichemka. Mimi kila siku naletewa magari ya hivyo. Mtu anajaza mazulia, anaweka na mapazia, halafu anashangaa gari linatoa moshi.

— Mnyama hana injini, alisema Pengo.

— Kwa hiyo alikuwa anasukumwa?

Shangazi alicheka kidogo, akajirudi.

— Nyote hamjui, alisema Kamusi. Methali iko wazi: mficha uchi hazai. Kajifunika toka masikioni mpaka kwenye kwato. Dume limwoneje jike? Hakuzaa. Akaisha.

— Methali hiyo haina maana hiyo, alisema Pengo.

— Methali ni kama nguo ya mitumba, ndugu yangu. Yule inayemtosha ndiye mwenyewe.

Pengo aligusa gundi tena. Ilikuwa inakaribia. Gundi ya makochi hupakwa pande zote mbili, huachwa mpaka isinate kidoleni, kisha hubanwa mara moja tu. Ikishashika haisikii maombi. Shina la pembe lilikuwa limepakwa, na pua ya kifaru pia. Alichohitaji ni muda mfupi wa utulivu, na hapo ndipo alipokosea. Akadhani akiwapa hadithi nzuri watanyamaza.

— Zamani, alisema, kwenye mji mmoja wa nchi hizo za baridi, watu walichimba wakapata fuvu la kifaru huyu. Hawakujua ni nini. Wakasema ni kichwa cha joka.

— Enhe! alisema Breki.

— Wakajenga sanamu la joka kwa kufuata fuvu hilo. Na kwingine, mbali zaidi, watu walikuwa wanaokota pembe zake. Ni bapa, zimejikunja. Wakasema ni kucha za ndege mkubwa ajabu.

— Huyo ndege alikuwa na ukubwa gani? aliuliza Kipara.

— Hakukuwa na ndege. Zilikuwa pembe.

— Lakini kucha moja ikiwa na urefu huu, alisema Kipara, akiipima pembe kwa mikono, mguu je? Bawa je? Akipita juu ya mji, si usiku huo?

— Ndege hakuwapo, Kipara.

— Basi tumepata muuaji! Kamusi alipiga goti lake. Kifaru ameisha, kucha zimebaki palepale alipofia. Hukumu gani tena mnataka? Ndege aliwala, akawamaliza, akafa njaa. Ndiyo maana na yeye hayupo.

— Na joka? aliuliza Breki.

— Joka lilikuwa shahidi.

Pengo aliweka viganja viwili usoni akavishusha polepole mpaka kidevuni.

— Shangazi, alisema, hebu nisaidie. Wewe ni mtu mzima. Waambie.

— Mwanangu, mimi nasema kifaru yule alikuwa na afya njema, alisema Shangazi. Akapita mbele ya benchi kama hili. Akasimama kusikiliza. Ndiyo ikawa basi.

Alipogusa gundi mara ya tatu, haikunata. Pengo alisimama. Alieleza kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama anayeongea na mtu aliye juu ya ngazi.

— Sasa sikilizeni. Pembe hii ni bapa kama panga. Inakaa hivi: makali mbele, ubapa upande. Kifaru alikuwa anatikisa kichwa kushoto na kulia, inafagia theluji, anapata majani chini. Nataka mikono miwili inishikie kichwa kisitikisike. Pembe naishika mimi. Hakuna mwingine wa kuigusa.

— Anafagia kwa makali? alisema Breki.

— Kwa ubapa. Kichwa kinakwenda upande, ubapa unasukuma.

— Hapana. Hapana, bwana. Nimeendesha magari ya ujenzi. Koleo linakaa ubapa mbele. Unasonga mbele, unasukuma. Huyu alikuwa tingatinga.

— Hakuwa tingatinga!

— Pengo, nawe usiwe mgumu. Kipara, unaonaje?

— Mimi naona koleo.

— Kamusi?

— Sijaona theluji, lakini mantiki ni koleo.

— Watatu kwa mmoja. Wengi wape!

— Pembe ya mnyama haipigiwi kura, alisema Pengo. Shikeni kichwa.

Wakashika kichwa. Pengo aliinua pembe kwa mikono miwili, akaipanga, akaisogeza karibu na pua kwa upana wa vidole viwili. Hapo waya wa sikio la kulia ukachomoka, sikio likaning'inia. Aligeuza shingo kulitazama. Breki, kwa moyo mweupe na mikono myeusi, akaishika pembe, akaizungusha robo, akaibana.

— Imekaa! alisema Breki.

Ilikuwa imekaa. Kifaru alitazama barabara, pembe yake imesimama puani kama kasia lililogeuzwa, ubapa mbele.

Pengo aliishika pembe kwa mikono miwili. Aliivuta pembe, haikuja. Aliivuta tena, kichwa kizima kikaja nayo.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Kipara, akirudi benchini. Ungetuambia mapema.

— Niliwaambia! Niliwaambia sasa hivi! Midomo yangu ilikuwa inatoa nini, moshi?

— Polepole, Pengo. Hasira hasara.

— Hasara imeshafika, hasira ndiyo imechelewa!

Aliingia karakanani akarudi na kisu cha sponji, sindano iliyopinda na uzi wa nailoni. Alikata pua ya kifaru kuizunguka pembe, taratibu, asiguse manyoya. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi yote. Benchi lilikunywa kahawa na kujadili iwapo Breki alikuwa na haki. Lilikubaliana kwamba alikuwa na nia, na nia ni nusu ya kazi. Pengo aliigeuza pembe ikakaa makali mbele. Gundi ilikuwa haiwezi tena, kwa hiyo ilibidi aishone kutoka chini. Alilala chali kwenye kipande cha boksi chini ya kidevu cha kifaru, akaingiza mkono mmoja ndani ya kichwa kushikilia shina. Nafasi ya jino lililovunjika ilikuwa inamfaa kwa jambo moja: sindano ilikaa hapo vizuri. Aliibana kwa midomo, uzi umekaza, miguu yake ikaonekana nje kama ya fundi gari.

Hapo mgeni alifika. Alikuwa mwanamke kijana, na mfuko wa brashi begani, na kibao cha mbao kilichopigwa rangi nyeupe kwapani.

— Hamjambo wazee. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu, alisema Shangazi. Kahawa?

— Asante, nikimaliza. Nimetumwa na mwalimu mkuu wa shule. Mimi ndiye mwandishi wa vibao. Kifaru ni huyu?

— Kama unamwona mwingine, tuoneshe, alisema Breki.

— Jina la mnyama nimepewa. Mwalimu amesema jina la aliyemtengeneza nilichukue hapa. Anaitwa nani?

— Pengo, alisema Kipara.

— Hilo si la utani?

— Ndilo analoitikia.

— Mwalimu amesema jina lake kamili. Linasomwa na watoto.

Chini ya kidevu, Pengo alisikia kila neno. Angeweza kuitoa sindano mdomoni, lakini akiachia uzi pembe ingelala. Aliguna, hakuna aliyesikia. Kisha akaacha kuguna. Alitaka kusikia.

— Jina lake kamili, alisema Kamusi. Naam. Jina lake kamili ni... Kipara, si wewe unamnyoa?

— Namnyoa, ndiyo. Akikaa kwenye kiti namwita "mzee wa nyuma punguza".

— Breki, wewe jirani yake.

— Mkewe anamwita Baba... Baba nani yule? Yule binti yao mrefu, aliyekwenda kusomea uuguzi.

— Binti anaitwa nani?

— Si nimesema, yule mrefu.

— Ni jina la kidini, alisema Kamusi.

— La dini gani? aliuliza mwandishi.

— Dini ni siri ya mtu na Mola wake.

— Shangazi, alisema Kipara, wewe unamjua toka mdogo.

— Namwita mwanangu. Shangazi aliweka birika chini. Nyote nawaita mwanangu.

— Ngojeni, alisema Breki. Mama yake alipofariki si tulikwenda wote? Tulichimba kaburi. Tulikaa siku zote. Pale jina lilitajwa.

— Lilitajwa, alisema Kamusi.

— Walimwitaje?

Pikipiki ilipita. Mwandishi wa vibao alikuwa ameshafungua kopo la rangi nyeusi, brashi iko mkononi.

— Walimwita mfiwa, alisema Kipara.

Pengo alivuta uzi mara ya mwisho. Akapiga fundo, akapiga la pili juu yake. Alitoka chini ya kidevu kwa mgongo, mkonge kwenye nywele, mkonge kwenye ndevu. Alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye ukosi wa shati. Hakulitazama benchi. Alimwambia mwandishi wa vibao majina yake matatu: lake, la baba yake, la babu yake. Sauti yake ilikuwa juu kuliko ilivyohitajika. Mwandishi alimwomba arudie la katikati. Alirudia.

Brashi ilipiga mistari. Benchi lilisogea mbele kutazama.

— Hilo ndilo jina lako? aliuliza Breki.

— Tangu nizaliwe.

— Zuri, alisema Kipara. Mbona hukutuambia?

— Mliniuliza lini? Pengo aliwageukia sasa. Toka asubuhi mnamlilia mnyama aliyekufa kabla dunia haijajua shati. Eti ameitwa jino, wamemdharau, wamekosa adabu. Mimi nimekaa hapa na nyinyi ujana wangu wote! Nimevunjika jino moja, moja tu, basi nimeacha kuwa mtu, nimekuwa shimo!

Kamusi alikizungusha kikombe kitupu.

— Una haki, alisema. Sipingi. Lakini nikuulize, ndugu yangu. Mimi naitwa nani?

Pengo alifungua mdomo.

Alimtazama Kamusi, miwani yake iliyofungwa kwa waya, shati lake la mikono mirefu analolivaa hata kwenye joto. Alikuwa amemtengenezea kochi la watu watatu na stuli ya miguu. Alikuwa amekula kwake. Alimtazama Breki, akamtazama Kipara. Mdomo ulikaa wazi kidogo, kisha akaufunga.

— Kumbe, alisema Kamusi, bila ushindi.

Mwandishi wa vibao aliuliza kama ile kahawa bado ipo. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe. Yalitoka mashapo.

Lori lilifika alasiri, likiwa limechelewa. Wanaume wanne walimpakia kifaru, Breki akishika kichwa na kuambiwa na wote asiiguse pembe. Pembe ilikuwa imekaa makali mbele. Kibao kilipakiwa mwisho, rangi ikiwa mbichi, kimeegemezwa pembeni kisiguse manyoya. Juu kilisomeka "Kifaru Mwenye Manyoya". Chini yake lilikuwapo jina la fundi, kamili, majina matatu. Lori liliondoka.

Jua lilipokaribia kuzama, Kipara alifunga duka lake akapita mbele ya karakana. Fundi alikuwa anafagia mkonge.

— Pengo, kesho mapema, alisema Kipara.

— Mapema, alisema Pengo.